Muhtasari Uliovunja Nyumba ya Bilali

Ndugu zangu wa Visiga, na ninyi wa Kisarawe ambao habari hii iliwafikia ikiwa imeshageuzwageuzwa njiani, nisikilizeni. Mimi ni Bi Firdausi, fundi cherehani. Baraza langu linatazamana na nyumba ya Bilali. Sehemu kubwa ya nitakayosimulia niliiona kwa macho yangu, na iliyobaki nimeelezwa na wenyewe, wakaniruhusu niiseme ili wengine wajihadhari.

Nyumba ile ilikuwa na utulivu wa kutamanisha. Jumamosi asubuhi ungemkuta Mwanahalima amekaa kwenye mkeka anachambua mchicha, na Bilali kwenye kiti cha plastiki, binti yao Maulida amempanda gotini anamlisha baba vipande vya chungwa. Bilali anatema mbegu huku, anasoma simu huku. Mwanahalima alikuwa ameolewa kutoka Kurui, Kisarawe, binti wa Mzee Shomari mkulima wa korosho. Bilali alikuwa mtakwimu katika ofisi moja hapa Kibaha, mtu wa hesabu, mpole, asiyependa maneno ya vijiweni.

Watu walikuwa wakimjia na simu zao. Alikuwa amejifunza kutafuta kwenye ile hifadhi ya tafiti za tiba iliyoko mtandaoni, ambako wataalamu wa dunia nzima huweka matokeo ya kazi zao. Ukimpelekea ujumbe unaosema majani fulani yanamaliza kisukari, hakucheki. Anaandika maneno yake, anasoma utafiti wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha anakwambia, "Huu walijaribu kwa panya, mama. Huu ni wa watu, lakini walikuwa wachache mno. Usiache dawa zako." Mzee Jumbe wa mtaa wa pili alikuwa ameshatupa vidonge vyake vya presha kwa sababu ya unga aliouziwa stendi. Bilali ndiye aliyemrudisha kliniki. Kwa hiyo tulimwamini. Nawaomba mlikumbuke hilo, maana kuamini kwetu kumo ndani ya madhara yaliyokuja baadaye.

Maulida alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea mikono na miguu yake ilipovimba. Analia ukimgusa, analia usipomgusa. Wakampeleka hospitali, akapimwa, wakaambiwa mtoto ana selimundu.

Daktari aliwaeleza vizuri. Aliwaambia huu ni ugonjwa wa damu wa kurithi, mtoto huupata kutoka kwa wazazi wote wawili, hata kama wao wenyewe ni wazima. Aliwapa dawa za kila siku na tarehe za kliniki. Kisha akauliza kama wana swali.

Bilali alikuwa nalo. Alipokuwa chuoni, wanafunzi walipimwa damu, na yeye aliambiwa waziwazi kwamba hana selimundu, hata ile ya kubeba bila kuumwa. Swali lilimfika mdomoni. Akamtazama mkewe, akamtazama daktari, akalimeza.

"Hatuna swali," alisema.

Wenzangu, hapo ndipo nyumba ilipoanza kuvunjika. Mbele yake alikaa mtu ambaye angemjibu kwa maneno machache. Yeye akaona aibu, akaondoka na shaka yake ikiwa nzima.

Wiki hiyohiyo, bila kumwambia mtu, aliingia maabara ndogo mjini Kibaha akapimwa kipimo cha haraka. Majibu yakawa yaleyale. Hana. Akakaa kwenye gari la ofisi wakati wa chakula cha mchana, akafungua ile hifadhi ya tafiti, akaandika kwa Kiingereza maneno ya kuuliza inawezekanaje mtoto awe na selimundu na baba asiwe nayo.

Majibu yalikuja mengi. La kwanza lilikuwa na muhtasari mfupi, kama ilivyo desturi ya maandishi hayo, ile aya ya juu inayofupisha kazi nzima. Muhtasari ulisema kwamba watafiti walipima familia za watoto wagonjwa, na baadhi ya akina baba wakakutwa hawana, na katika baadhi ya familia hizo ikagundulika kwamba baba si mzazi wa mtoto. Bilali akasoma aya ile mara nyingi. Chini yake kulikuwa na kurasa kadhaa za utafiti wenyewe. Hakuzifungua.

Mtu huyu akitafuta kwa ajili ya Mzee Jumbe alikuwa anasoma tafiti tatu na kulinganisha. Alipotafuta kwa ajili yake mwenyewe, aya moja ilimtosha, kwa sababu ilisema kile alichokuwa ameanza kukiogopa.

Tangu hapo akawa mtu mwingine. Mimi niliyaona haya kutoka kwenye cherehani yangu na sikujua maana yake. Alianza kurudi nyumbani mchana bila taarifa, anasimama kwanza nje ya dirisha kabla ya kubisha hodi. Simu ya mkewe ikilia, anauliza nani. Mwanahalima akicheka na mtu njiani, Bilali anakaa kimya mpaka jioni. Maulida akimpandia gotini, anamteremsha taratibu, kama anayeondoa kitu cha watu. Wakati mwingine nilimwona anaitazama sura ya mtoto kwa muda mrefu, pua, masikio, vidole vya miguu, anatafuta.

Na mwenye kutafuta kwa namna hiyo hakosi cha kuokota. Kulikuwa na kijana mmoja, Didas, mwenye duka la dawa kando ya barabara ya Morogoro. Mwanahalima alikuwa akienda kwake kuchukua vidonge vya foliki, vya kuongeza damu ya mtoto. Siku moja Bilali akaenda mwenyewe, na Didas, kwa wema wake, akamwambia, "Kaka, poleni sana. Ugonjwa huu naujua. Hata kwenye ukoo wetu upo, dada yangu alipoteza mtoto."

Bilali akauliza, "Kwenu upo?"

"Upo, kaka. Mimi mwenyewe naubeba, ila siumwi."

Didas alidhani anamfariji mteja. Bilali alitoka dukani na jina.

Siku za mbele alianza kuunganisha. Mkewe alikaa dukani kwa muda gani. Kwa nini Didas anamjua mtoto kwa jina. Kwa nini aliwahi kumwongezea biskuti. Mambo ambayo kila muuza duka mwenye roho nzuri huyafanya, kwa Bilali yakawa ushahidi, na ushahidi huo akauweka juu ya ile aya ya mtandaoni, akaona vinaenda pamoja.

Mwanahalima aligundua asubuhi ya siku ya mapumziko. Bilali alikuwa amekwenda kuoga, simu imebaki juu ya meza ikiwa wazi. Mwanahalima alisoma mpaka kidato cha nne, Kiingereza chake kilitosha kuelewa. Bilali aliporudi alimkuta amesimama na simu mkononi.

"Baba Maulida, hiki unachokisoma ni nini?"

"Ni utafiti."

"Naona ni utafiti. Nakuuliza unautafutia nini."

"Natafuta ukweli. Mimi sina selimundu. Nimepima mara mbili. Mtoto anayo. Wewe niambie imetoka wapi."

Mwanahalima aliniambia kwamba kwanza hakuelewa. Alidhani mumewe anasema kuna kosa la maabara. Alipoelewa, akakaa.

"Unasema Maulida si wako."

"Mimi sisemi. Sayansi ndiyo inasema."

"Basi twende sote watatu kwa daktari wake. Leo hii. Tukapime kila kitu, na vinasaba tupime. Mimi siogopi."

"Nimeshapima."

"Umepima wewe peke yako, kwa siri, ukasoma peke yako, ukanihukumu peke yako. Twende tukamuulize mtu anayejua."

"Ili akakufichie?" Bilali alisema. "Nimeona mnavyojuana na watu wa dawa."

Ndipo alipomtaja Didas. Mwanahalima hakujibu tena. Kuna tuhuma ambayo mtu mwenye heshima zake hawezi kuijibu bila kujiona amejichafua. Bilali akauchukua ukimya ule kama kukiri.

Alasiri hiyo aliwaita mjomba wake na majirani wawili watatu, na mimi nikiwemo, akatoa talaka moja mbele yetu. Tulijaribu. Mjomba alimwambia asubiri, asifanye jambo kwa hasira. Bilali hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa mtulivu kama anasoma ripoti ofisini. Akatusomea ile aya, akaitafsiri sentensi kwa sentensi. Akasema, "Mnanijua. Sijawahi kuwaambia jambo nisilolichunguza."

Ni kweli, hakuwahi. Basi hakuna aliyemwambia afungue kurasa zilizobaki. Mwanahalima alifunga vitu vyake, akambeba mwanawe, akaenda Kurui kwa baba yake.

Maneno yakaenea. Duka la Didas likaanza kupitwa. Akina mama wakawa wanavuka barabara kwenda duka la mbali. Mke wa Didas akarudi kwao kwa muda, kisha muda ukawa mrefu. Didas alikuja kwa Bilali kumuuliza amemkosea nini. Bilali alimfungia mlango.

Sasa niwapeleke Kurui. Mzee Shomari alimpokea binti yake bila kumuuliza maswali. Lakini Kurui si Visiga. Kliniki ya mtoto ilikuwa mbali, na mvua za masika zikiifika barabara ile, hata pikipiki husukumwa. Dawa za kila siku zilipungua, zikaisha. Mwanahalima alimtumia Bilali ujumbe kuomba msaada wa kumfikisha mtoto kliniki. Hakujibiwa. Mzee Shomari akapiga simu mwenyewe.

"Mwanangu, hujambo. Yaliyo kati yako na mama yake yaache pembeni. Mtoto amepauka, macho yamekuwa ya njano. Njoo tumpeleke."

"Shikamoo, mzee," Bilali alisema. Hata siku ile hakusahau adabu. "Kwa hilo mpigieni baba yake."

Mzee Shomari aliniambia kwamba alibaki ameishika simu sikioni wakati upande wa pili umeshakatika.

Siku chache baadaye Maulida alipandwa na homa. Tumbo likavimba upande wa kushoto, midomo ikawa myeupe. Mwanahalima na baba yake wakampakia kwenye pikipiki ya jirani kwenye matope, wakafika hospitali mtoto akiwa hawezi kuinua kichwa. Akaongezewa damu, akahamishiwa hospitali kubwa zaidi. Huko, katikati ya matibabu, mkono wake wa kushoto na mguu wa kushoto vikalegea. Kiharusi. Mtoto ambaye hajafika miaka minne.

Daktari wa damu katika hospitali ile alikuwa mwanamke wa makamo, mtaratibu. Damu ya mtoto ilipopimwa upya kwa vipimo vikubwa zaidi, alimwita Mwanahalima, akamuuliza baba yuko wapi.

"Hayupo. Alisema mtoto si wake, kwa sababu yeye hana selimundu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Alimuuliza nani?"

"Alisoma mtandaoni. Kwenye tafiti."

"Hizo tafiti na mimi nazisoma kila siku," daktari alisema. "Naomba namba yake."

Bilali alikuwa ofisini, akapokea kwa sababu namba ilikuwa ngeni. Daktari alijitambulisha, akamweleza hali ya mtoto, kisha hakubishana naye. Alimwambia, "Nimesikia unapenda kusoma. Ule utafiti ulioutegemea, bado unao?"

"Ninao."

"Umeusoma wote au muhtasari tu?"

"Muhtasari."

"Fungua usome mpaka mwisho. Ukikutana na neno thalasemia, simama hapo usome mara mbili. Kisha njoo tuongee. Usikawie."

Bilali alifungua zile kurasa akiwa palepale ofisini. Nitawaeleza kwa lugha yetu kama nilivyoelezwa mimi. Kuna kasoro nyingine ya damu ya kurithi, inaitwa thalasemia. Mtu anaweza kuibeba maisha yake yote bila kujua. Kipimo cha haraka cha selimundu hakiioni, kwa sababu hakikutengenezwa kuitafuta. Mama akitoa selimundu na baba akatoa thalasemia, mtoto anaweza kuumwa ugonjwa unaofanana kabisa na selimundu ya wazazi wote wawili. Utafiti uleule ulisema hivyo. Ulisema kwamba akina baba wengi zaidi kati ya wale waliokutwa hawana selimundu, walipopimwa vizuri, walikutwa na kasoro hiyo ya pili. Wale wasiokuwa wazazi walikuwa wachache. Na watafiti walikuwa wameandika onyo kwamba majibu ya kipimo cha haraka yasitumiwe kuamua mtoto ni wa nani.

Onyo hilo lilikuwa chini ya ile aya siku zote. Lilikuwepo alipokuwa anasimama nje ya dirisha la nyumba yake. Lilikuwepo alipotusomea sisi barazani.

Alifika hospitali jioni hiyo. Alitolewa damu, na majibu yalipotoka, alikutwa anaibeba thalasemia. Daktari alikuwa mwangalifu. Alimwambia, "Kipimo hiki hakisemi wewe ndiye baba. Kinasema kwamba sababu uliyomkatalia mtoto haikuwa sababu."

Bilali akamgeukia Mwanahalima. "Sihitaji kipimo kingine tena."

"Mimi nakihitaji," Mwanahalima alisema. "Wewe leo umeamini karatasi hii, kesho utasoma nyingine. Tutakwenda ustawi wa jamii, tutafuata taratibu, tutapima vinasaba. Si kwa ajili yako. Ni kwa ajili ya huyu, asije akaulizwa akiwa mkubwa."

Walipima. Maulida ni mtoto wa Bilali.

Baada ya mtoto kuruhusiwa, Bilali alikwenda Kurui kwa mkwewe. Alipiga magoti kwenye ukumbi, akaomba msamaha, akaomba mkewe arudi. Mzee Shomari alisema jambo hilo si lake, ni la binti yake. Mwanahalima alikuwa ameshamaliza eda zamani.

"Msamaha nimekupa," alimwambia, "maana sitaki kuubeba mzigo huu. Kurudi sirudi. Siwezi kuishi na mtu ambaye nitakuwa nasikiliza kama amesimama nje ya dirisha. Ila nina sharti moja. Yale maneno uliyasema mbele za watu. Nenda ukayarudishe mbele za watu walewale, na Didas awepo."

Alifanya hivyo, hilo nampa haki yake. Alituita tuliokuwepo siku ya talaka, akamwita Didas, akasimama akaeleza yote, mpaka ile sehemu ya kutosoma. Alipomaliza, sote tukamtazama Didas.

"Nimesikia," Didas alisema. Akainuka, akaenda kufungua duka lake. Mkewe hajarudi hadi leo ninapowaambia.

Siku ambayo Bilali alikwenda Kurui kumchukua Maulida kwa mara ya kwanza kumpeleka kliniki, nilifuatana naye, kwa sababu aliogopa kwenda peke yake. Tulimkuta mtoto uani, anajifunza upya kushika kikombe kwa mkono wa kushoto. Alipomwona Bilali alijivuta, akiburuta mguu, akajificha nyuma ya babu yake. Miezi ilikuwa imepita mingi kwa mtoto wa umri ule, na kule hospitali alikuwa mgonjwa mno asiweze kumtambua mtu.

"Mama," aliuliza, "huyu nani?"

Bilali aliinamisha kichwa. Mwanahalima alikuwa na kila sababu ya kunyamaza, au ya kusema lolote alitakalo. Alimshika mtoto mkono, akamsogeza mbele.

"Ni baba yako," alisema. "Msalimie."

Funzo

Wenzangu, msitoke hapa mkasema kwamba Bi Firdausi amewakataza kutafuta habari za afya mtandaoni. Sijawakataza. Elimu ile ni ya kweli, imewaokoa wengi, na Mzee Jumbe ni mzima kwa sababu yake. Utafiti haukumdanganya Bilali. Bilali ndiye aliyeukata ulimi kabla haujamaliza kusema.

Basi ukitafuta, soma mpaka mwisho. Muhtasari ni mlango tu, usiamue kesi ukiwa umesimama mlangoni. Usiridhike na utafiti mmoja, hasa ukiona unakwambia kile ulichokuwa unakitaka au unakiogopa. Hapo ndipo utafute kwa bidii zaidi ule unaokupinga. Ujue kipimo chako kinapima nini na hakipimi nini. Na kile ulichokipata, kipeleke kwa mtaalamu ukamuulize, hata kama swali lenyewe linakutia aibu. Bilali aliogopa aibu ya dakika moja mbele ya daktari.

Na sisi tulio pembeni tusimwachie mtu mmoja kutufikiria, hata awe amesoma vipi. Mimi siku hizi nikisikia mtu anasema utafiti umeonyesha, namuuliza utafiti upi, wa watu gani, na yeye amesoma wapi mpaka wapi. Wengine wananiona ni kero. Waacheni wanione hivyo.

La mwisho, mtoto mgonjwa asikatishwe dawa kwa ugomvi wa wakubwa. Shaka ya Bilali imekwisha. Maulida bado anaburuta mguu.